Siku Tulipomuuguza Chatu



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad. Ndugu wasomaji, wazee wetu na wanafunzi wenzetu, darasa letu limepewa ukurasa huu tueleze jambo lililotufika, nasi tumeona bora tulieleze lote, hata lile la kutuaibisha.

Ilikuwa Jumamosi, msimu wa vuli, baada ya Swala ya Alasiri. Tulikuwa tukidurusu Juzuu Amma tuliposikia ukelele kutoka kwa bibi jirani, nyuma ya chuo. Tulitoka mbio, misahafu tukaiacha juu ya marufaa. Tulikuta chatu wa zaidi ya mita mbili amenasa katika wavu wa nailoni ambao bibi aliuzungushia banda la kuku. Kila alipojivuta wavu ulizidi kumkaza, na karibu na shingo ulikuwa umekwisha kuzama ndani ya nyama.

Ndugu msomaji, hatukuuliza lolote. Tuliokota mawe. Sisi ndio tulioanza kurusha, na jiwe moja lilimpata mgongoni tukashangilia kama tuliofunga bao. Hapo ndipo Maalim alipofika na kusema neno moja tu, "Basi!" Mawe yalitudondoka mikononi.

Mmoja wetu alijitia ujasiri akasema, "Lakini Maalim, nyoka si ameruhusiwa kuuawa, hata ndani ya Haram?"

Maalim hakukasirika. Alisema, "Kweli mwanangu, ruhusa ipo, wala sitaificha." Akatukumbusha kisa alichosimulia Ibn Mas'ud (R.A.), kwamba walikuwa na Mtume (S.A.W.) pangoni huko Mina wakati Suratul Mursalaat ikishuka, mara akatokea nyoka. Mtume aliwaamrisha wamuue, nao wakamkimbilia, lakini akawaponyoka. Ndipo Mtume alipowaambia kwamba yule nyoka ameepushwa na shari yao kama wao walivyoepushwa na shari yake. "Mmesikia?" Maalim alituuliza. "Hata sisi tuna shari." Kisha akatueleza habari ya Ibn Umar (R.A.), aliyewakuta vijana wamemfunga kuku wakimlenga kwa mishale, akawaambia kwamba Mtume amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. "Ruhusa ya kujikinga si ruhusa ya mchezo. Mwenye kuua ameamrishwa aue kwa wema. Na huyu amefungwa, hawezi kumdhuru mtu. Mnajikinga na nini?"

Hatukuwa na jibu. Lakini bibi alikuwa nalo. "Maalim, mimi nimeliwa kuku wawili wiki hii. Huyo ana haki, na kuku wangu je?" Maalim aliinamisha kichwa, akamwambia haki yake haitapotea.

Alimpigia simu mtu mmoja anayefahamika kwetu kwa kazi ya kuokoa nyoka, mwenye kibali cha wakubwa wa wanyamapori. Aliulizwa rangi, urefu na umbo la kichwa, kisha akatuamuru watoto wote tukae mbali, kwani chatu hana sumu lakini ana meno makali, na asiyewajua nyoka anaweza kumdhania bafe kuwa ni chatu mdogo. Hakuna ruhusa ya kumshika wala kumvuta. Tusimtie majivu, mafuta ya taa wala dawa yoyote kwenye kidonda. Kazi yetu ilikuwa kuzuia watu wasimsonge na kunyamaza. Maalim mwenyewe ndiye aliyemfunika kivuli cha makuti kwa upondo mrefu. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, sisi tuliokuwa na mawe.

Mtu wa nyoka alifika kabla ya Magharibi. Alimfunika chatu kichwa kwa kitambaa, kwani nyoka asipoona hutulia, akamshika nyuma ya taya huku msaidizi wake akimwinua kiwiliwili kisije kikaning'inia. Akaukata wavu uzi mmoja mmoja kwa mkasi usio na ncha, akakiosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa. Alipofika mgongoni alisita. "Huku shingoni ni wavu," alisema. "Lakini uvimbe huu si wa wavu." Hakuna aliyejibu. Tulitazama chini.

Chatu alitiwa katika mfuko wa kitambaa, mfuko ukawekwa ndani ya kasha lenye matundu, akachukuliwa. Baada ya wiki tatu Maalim alitupeleka watano kumjulia hali. Tulidhani tutamkuta akilishwa. Kumbe nyoka mgonjwa halishwi kwa nguvu. Damu yake haina joto la kwake mwenyewe, hutegemea joto la mahali alipo, na akiwa na baridi chakula humwozea tumboni. Kwa hiyo huwekwa upande mmoja penye joto na mwingine penye kivuli ili achague mwenyewe, apate maji safi, kimya, na mahali pa kujificha. Kidonda chake hupona polepole, na kila anapojivua gamba ngozi mpya hutoka bora kuliko ya kwanza. Tulionyeshwa gamba alilovua. Penye alama ya wavu lilikuwa limechanika. Uvimbe wa mgongoni ndio uliokawia zaidi kupona, wala haukunyooka kabisa.

Alipojivua gamba mara ya pili na kula panya mwenyewe, alirudishwa porini kwa idhini ya wakubwa wa wanyamapori, mbali na nyumba za watu. Alikaa kitambo kando ya kasha akitoa ulimi, kisha akaingia majanini bila kutugeukia. Subhanallah, hatukupata shukrani, nasi hatukuwa na haki ya kuidai.

Ama bibi, darasa letu liliweka pesa za mandazi kwa mwezi mmoja, tukamnunulia mitamba miwili ya kuku. Aliipokea akasema, "Wanangu, Mungu awabariki, lakini banda bado lina tundu." Tukarudi tena na wavu wa chuma wenye matundu madogo, tukauzika chini kiasi cha shibiri moja. Hadi leo hajapoteza kuku, na panya ndio waliozidi! Anasema tumemfukuzia mlinzi wake.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba nyoka achekewe. Nyoka wa sumu huua. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa, na linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Ukiona nyoka, simama mbali na uwaite wakubwa. Aliyeumwa asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukaza wala kuwekewa jiwe jeusi. Avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, akimbizwe hospitali. Na chatu mjeruhi usimpeleke nyumbani kumfuga, kwani ni hatari kwako na kwake, na sheria hairuhusu bila kibali.

Kila tupitapo nyuma ya chuo, mawe yale bado yapo. Twamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe lile moja lililompata, na atuepushe na shari za viumbe wake, na viumbe wake awaepushe na shari zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.