Manyunyu ya Soga

Mama ameoga kwa ndoo na kopo miaka yake yote, na kama si mimi angeendelea hivyo bila kelele. Lakini alipomaliza dozi ya kifua kikuu, miezi sita ya vidonge, magoti yalikuwa yamechoka na kuinamia ndoo kukawa kazi. Nikajisemea, nimepata kazi mjini, mama yangu hatainama tena. Nikampeleka fundi Soga, tukapandisha tanki jeusi la lita 1,000 juu ya mnara wa matofali, tukafunga kile ambacho vitabuni ni bafu ya manyunyu na kwetu ni shawa tu.

"Mvua ndani ya nyumba, mwanangu?" Akacheka. Akawa anaitumia, nadhani ili kunifurahisha.

Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria mwaka 2024, kufika kwake ni rahisi: napanda Dar, nashuka stesheni ya Soga, bodaboda, nimefika. Naye hupenda kwenda kukaa kwa dada yangu Mlandizi, wiki mbili, tatu. Wakati huo maji yamelala tankini, jua la Pwani linayapiga kutwa. Mwaka jana alirudi kutoka huko, akaoga, na baada ya siku chache akaanza kukohoa. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu akikohoa, nyumba nzima inanyamaza. Hospitali walipima makohozi, TB hakuna. Nimonia, wakasema. Akapewa dawa, akapona.

Mimi ndiye sikupona. Nikaanza kusoma usiku.

Mwaka 1976, Philadelphia, askari wastaafu walikutana hotelini, wakarudi makwao na homa ya mapafu, 29 wakafa. Januari 1977 ndipo bakteria mwenyewe alipopatikana, akaitwa Legionella. Huyu hupenda maji ya vuguvugu yaliyotuama, na humwingia mtu kwa kuvutwa na pumzi, ndani ya vitone vidogo. Kisha nikakuta kwamba mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walichunguza vichwa vya shawa vya majumbani, wakakuta humo mikobakteria, yaani jamaa wa mbali wa kifua kikuu. Jamaa wa mbali! Nilikaa kitandani na simu yangu, nikawaza yale mapafu yenye makovu.

Ukweli ni kwamba mtu mwenye mapafu mazima huvivuta vijidudu hivi na maisha yakaendelea. Tofauti iko kwenye ukubwa wa tone. Maji ya kopo huanguka kwa uzito, yakafika sakafuni, basi. Shawa huyapasua maji, na vile vitone visivyozidi mikroni 5 (unywele ni kama 70) huelea na kushuka hadi kwenye vifuko vya mapafu. Lugha yetu ilishaliona hilo: kwa ndoo tunasema najimwagia maji. Kwenye shawa hujimwagii, unanyunyiziwa, na unavuta pumzi humo humo.

Jumamosi iliyofuata nikafungua kile kichwa cha shawa. Ndani, utando wa kijivu, unateleza, unanuka tope. Siwezi kusema ndio uliomlaza Mama. Lakini nilikisugua nikiwa na hasira, nikakichemsha kwenye sufuria kuukuu, nikaosha na tanki. Kisha nikamweleza: ukitoka safari, fungua dirisha, fungulia maji, toka nje, yaache yatiririke kwanza.

Alinisikiliza hadi mwisho. Akaenda jikoni, akarudi na stuli mbili za plastiki. Moja akaiweka bafuni ya kukalia, nyingine akaiwekea ndoo juu yake. Kopo ndani. Hakuna kuinama.

"Hukuniuliza," akasema.

Shawa sasa naoga mimi, nikija, dirisha wazi. Yeye hukaa nje kibarazani, anasikiliza kama nakohoa.