Nilisalimu Marehemu

Mimi nilizani kuandika Kijapani kwa herufi zetu ni kazi rahisi, sababu a, e, i, o, u zao zinasikika karibu sawa na zetu. Kumbe! Katika barua nilitaka kumsalimu nyanya ya rafiki yangu wa Japani, nikaandika “obasan”. Hilo ni shangazi. Nyanya ni “obaasan”, a inavutwa. Wengine wanaweka mstari juu: obāsan. Rafiki akajibu: shangazi alikwisha kufa. Niliona haya sana.

Njia yenyewe si moja. Ile ya mmisionere Hepburn, munganga wa Marekani aliyetoa kamusi mwaka 1867, inaandika mlima Fuji. Kanuni ya serikali ya 1937 iliandika Huzi.

Barua ya pili iko tayari. Zile a mbili nimezihesabu mara tatu.