Dalili ya Mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo niliifundisha kwa miaka mingi, wala sikuona ugumu wowote ndani yake. Ugumu wake niliuona nikiwa angani.

Chuo cha ualimu kilitupa hesabu moja nyepesi. Chukua halijoto ya hewa, toa halijoto ambayo mvuke huanza kugeuka umande. Kila nyuzi moja ya tofauti ni kama mita 125. Tofauti ikiwa nyuzi 8, mawingu ya mafungu huanza yapata mita 1,000 juu ya ardhi. Milima ya Udzungwa ina vilele vinavyopita mita 2,000. Msomaji ataona mwenyewe kwamba siku kama hiyo milima huvaa mawingu.

Mwaka ule mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye ndege yake ndogo ya viti vinne, alikubali kunipeleka Iringa kumzika dada yangu. Maziko yalikuwa saa kumi alasiri. Tulipoipita Mikumi, mawingu yalikuwa yamekalia mabega ya milima, na chini yake mvua ilining'inia kama pazia. Katikati ya vilima viwili palibaki mwanya wenye mwanga. Mimi niliona njia. Yeye aliona mlango unaoweza kufungwa nyuma yetu.

"Mwalimu, tunarudi," alisema.

"Dada yangu anazikwa leo."

"Najua, Mwalimu. Ndiyo maana nakurudisha."

Rubani anayeongozwa na macho akiingia winguni, sikio la ndani humdanganya: ndege huzunguka, naye huhisi imetulia. Milima haimsubiri agundue.

Nilipanda basi, nikafika alfajiri. Dada alikuwa amekwisha kuzikwa. Ndugu mmoja aliniambia kwamba alasiri ile mbingu ilikuwa nyeupe. Huenda ilikuwa kweli. Anayepenya akafika husifiwa. Asiyefika hulilia watu. Anayerudi hulaumiwa, kwa kuwa ajali aliyoiepuka haina shahidi. Mimi sikumlaumu kijana yule.

Methali haikusema mawingu ni mvua. Ilisema ni dalili tu, na dalili humtaka mtu aamue kabla ya kuwa na hakika. Huku chini, anayengoja hakika hulowa, akaingia ndani kujikausha. Kule juu hana nyumba ya kuingia.