Nyakabere: gari otomatiki inapotetemeka ikisimama

Barabara ya taifa namba 5, kati ya bonde la Ruzizi na mji wa Uvira, inabebwa na gari ndogo zilizotoka Japani, usukani upande wa kuume. Nyingi ni otomatiki. Ndani yake wanapanda wagonjwa, wanafunzi, mifuko ya mihogo na magodoro ya familia zilizokimbia vita.

Shofere mmoja wa taksi huko Nyakabere alivumilia ralanti mbaya tangu mvua zianze. Akisimama, mshale wa mzunguko wa moteri unapanda na kushuka peke yake, gari inatetemeka kama mtu wa malaria, kisha inazimika. Siku aliyopeleka mama mjamzito Uvira ilizimika mara tatu, na mara ya tatu batri haikuwa na nguvu tena. Abiria walishuka kusukuma kama walivyozoea.

Haikuwaka. Otomatiki haiwaki kwa kusukumwa: kinachounganisha moteri na magurudumu ni mafuta yanayosukumwa na pompu, na pompu hiyo inazunguka pale tu moteri inapozunguka. Mama yule alimalizia safari kwa moto.

Hatari haiko kwenye kuzimika tu. Ralanti ikipanda ghafla wakati gari iko kwenye D, inajisukuma mbele, na sokoni watoto wanapita mbele ya gari bila kuangalia. Moteri ikizimika kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito, na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara chache tu.

Fundi wa kwanza alitamka bei ya bwati nyingine ya vitesi. Wa pili, mzee wa mikono meusi, aliuliza jambo moja: «Ukiweka P, inatetemeka pia?» Ndiyo. Basi bwati isihukumiwe kwanza. Kama ingetetemeka kwenye D na R peke yake, angeanza na mipira inayoshikilia moteri, halafu bwati. Swali hilo lilikuwa la bure, na liliokoa pesa ya miezi.

Alifungua filtre ya hewa. Vumbi la barabara lilikuwa limeijaza. Nyuma yake papiyo, kile kifuniko kidogo kinachopitisha hewa, ilikuwa na masizi meusi. Aliisafisha kwa kitambaa na dawa yake, moteri ikiwa imezimwa, bila kuilazimisha kwa kidole, maana za umeme zinaharibika hivyo. Ralanti ikawa nafuu, haikupona.

Ndipo akasikiliza. Tss, ndogo sana, upande wa nyuma. Tiyo ya mpira ilikuwa imepasuka kwa joto, moteri inavuta hewa ambayo kompyuta haikuihesabu. Akaibana kwa koleo, na mshale ukatulia palepale. Mafundi wengine wanatafuta ufa kwa kupuliza dawa inayowaka juu ya moteri ya moto. Koleo ni salama zaidi. Buji nazo zilikuwa zimechoka, akabadilisha zote nne.

Kulikuwa na esansi pia. Shofere hununua kwa kadafi, kwa chupa na bidoni. Mzee alimwaga kidogo kwenye chupa nyeupe na kungoja: maji hukaa chini, esansi juu. Siku hiyo hayakuonekana, lakini kila mwenye gari anaweza kufanya hivyo kabla ya kujaza. Na anayenunua gari iliyozama, kama zile za mafuriko ya Uvira ya Aprili 2020, atazame kutu kwenye viungo vya nyaya kabla ya kusifu rangi.

Kwa kuwa batri ilikuwa imefunguliwa, kompyuta ilikuwa imesahau ralanti yake. Wakaacha moteri ikipata joto kwenye P mpaka feni izunguke, kisha dakika kadhaa kwenye D, mguu umekanyaga breki. Wengi wanaruka hatua hii na kurudi garaji wakilalamika.

Tiyo mpya ya aina ile haijapatikana bado. Kipande kilichokatwa kwa gari nyingine ndicho kinashikilia, na shofere ameagizwa akiangalie kila Jumamosi kabla ya kupakia watu.