Albert Thomas: Mtetezi wa wafanyakazi aliyezunguka dunia

MSOMAJI, ukibahatika kufika Geneva, Uswisi, usiishie kutazama maduka ya saa. Fuata njia ya kandokando ya ziwa hadi kwenye jumba kubwa lililofunguliwa mwaka wa 1926. Leo ni makao ya Shirika la Biashara Duniani, lakini lilijengewa Shirika la Kazi Duniani, ILO. Si mbali na hapo utaona mnara wa kumbukumbu ya Mfaransa mmoja, Albert Thomas.

Je, alikuwa nani? Mwana wa mwoka mikate, aliyezaliwa mwaka wa 1878 na kupanda cheo hadi akawa waziri wa silaha wa Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. ILO ilipoundwa mwaka wa 1919, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa mkurugenzi wake wa kwanza.

Mkataba wa kwanza wa shirika hilo ulisema watu wa viwandani wafanye kazi saa 8 kwa siku, saa 48 kwa juma. Maneno matamu! Lakini ILO haikuwa na askari wala jela. Ilibidi kila serikali iuidhinishe mkataba yenyewe, na kila moja ilimngojea jirani yake, ikihofia bidhaa zake kuwa ghali sokoni.

Basi Thomas akafunga mizigo. Mwishoni mwa 1922 alivuka bahari hadi Amerika Kaskazini. Mwaka wa 1925 alizuru Brazil, Argentina na Chile. Mwishoni mwa 1928 alipanda gari moshi la Siberia, akaenda China na Japan, kisha India.

Safari hii ya Mashariki ilikuwa na uzito wake. Mkataba ule wa saa 8 uliiacha China nje kabisa, nayo India ikaruhusiwa saa 60 kwa juma. Kwani kibarua wa Bombay ana mwili wa chuma?

Hata sisi yalitugusa. Oktoba 1919, mwezi ambao mkutano wa kwanza wa ILO ulifunguliwa Washington, serikali ya Gavana Northey hapa Kenya ilitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Mkataba wa kupinga kazi za kulazimishwa ulipitishwa Geneva mwaka wa 1930, Thomas akiwa bado mkurugenzi. Kenya iliuidhinisha mwaka wa 1964, baada ya uhuru.

Thomas hakuyaona hayo. Alifariki ghafla mjini Paris mwaka wa 1932, akiwa na umri wa miaka 53.

Mkataba mwingine wa enzi yake, wa mwaka wa 1921, unampa mfanyakazi wa kiwandani siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa hivyo, msomaji, unapojinyoosha kitini Jumapili hii, kumbuka kuna watu waliohangaika nchi za mbali kuitetea siku hiyo. Kisha jiulize: yule msichana anayekupikia chai, yake ni lini?