Upepo wa Paje

Utotoni mwangu Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, habari za upepo tulizipata dikoni. Redio ilikuwapo, na baada ya taarifa ya habari ilitusomea utabiri: Pwani ya kaskazini pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba, mawingu kiasi, vipindi vya jua, upepo wa kasi fulani kutoka kusini mashariki. Babu aliisikiliza kwa adabu zote, kisha akailalia. Alichotaka kujua ni hali ya mlango, ule upenyo katika mwamba ambao ngalawa zetu zinautumia kutokea bahari kuu, na mlango huo redio haikuwahi kuutaja.

Alfajiri, akitoka msikitini, alisimama mchangani akavua kofia, upepo umpige shingoni. Ukimjia baridi kutoka bara, huo ni umande, na ngalawa itatoka kwa tanga bila kuchosha mikono. Matlai, upepo wa kutoka mashariki, ikiwa imeshaanza kabla ya jua kuchomoza, alitazama povu la mwambani kwa muda, akarudi nyumbani kusuka dema. Ukimuuliza, “Babu, leo vipi?” alijibu, “Haiendeki, mjukuu wangu,” basi, hakuna maelezo zaidi. Majira aliyahesabu kwa miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, ile siku ambayo Makunduchi wanakoga mwaka, na kwa hesabu hiyo alijua kusi inakaribia kulegea au kaskazi iko njiani.

Miaka ya 2000 wakaja wageni wa kaiti, mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara. Vijana tuliochokoa nao pweza wakawa walimu wa mchezo huo, na simu zao zikajaa safu za tarakimu za Windguru, tovuti ya utabiri wa upepo, saa kwa saa, kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa. Noti 20 kwao ni riziki. Kwa mwenye ngalawa, noti hizohizo ni siku ya kulala na njaa. Hapo ndipo nilipoona watu wazima wakimwita kijana wa kaiti, “Hebu mwanangu, tutazamie kesho,” ili wasikie kinyume cha anachokiombea yeye.

Tarakimu hizo ni nzuri, lakini hazitoshi. Zinakokotolewa kwa eneo pana, na mara nyingi umande wa alfajiri haumo. Tena hazikwambii maji yakoje. Noti 15 wakati wa maji mafu zinavumilika. Noti zizo hizo siku ya bamvua, maji yanapokupwa kwa nguvu huku upepo ukiyakabili, zinasimamisha mawimbi mlangoni mpaka nahodha mzoefu anageuza. Hesabu hiyo bado inafanywa kwa macho.

Hata hivyo, siwaungi mkono wanaosema wazee walijua kila kitu. Walijua kinachojirudia. Kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu, na hakuna aliyebaki wa kutusimulia dalili zake. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Mafia, miongo haikuwa na la kusema. Aliyesema ni Mamlaka ya Hali ya Hewa, tena siku kadhaa kabla, na safari za boti za Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa.

Tahadhari za Mamlaka, upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, siku hizi zinafika kwenye simu zetu mapema. Lakini wengi wanaoshika usukani wa ngalawa bado wana simu za vitufe. Wewe uliyeipata jioni, usiishie kuisambaza kwenye kundi la WhatsApp. Pita dikoni uwaambie, au mwombe muadhini aitangaze baada ya Isha, kwa sababu wavuvi wanatoka kabla hujaamka.