Shajara ya Fundi wa Dishi

Jumamosi, 6 Septemba 2025. Ruring'u, Nyeri

Tumefunga dishi kwa shosho mmoja. Alishangaa kuona nalilaza karibu chali. Nikamweleza kwamba setilaiti ya hii televisheni imekaa juu ya ikweta, longitudo ya nyuzi 36 mashariki. Nyeri iko karibu nyuzi 37, kusini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo setilaiti iko karibu utosini mwetu. Uingereza madishi hutazama kusini, tena chini chini.

Njiani kijana ninayemfunza kazi akauliza: "Fundi, mbona haianguki?" Nikamjibu kwamba inaanguka kila wakati, ila inakwenda kwa kasi kiasi kwamba Dunia hujipinda chini yake kabla haijaifikia. Njia hiyo ya kuzunguka ndiyo obiti.

Jumapili, 7 Septemba

Mwezi umepatwa. Kivuli cha Dunia kilianza kuumega saa moja na dakika 27 usiku, na kuanzia saa mbili unusu ulikuwa mwekundu wote hadi saa tatu na dakika 52. Mawingu yaliuficha mara kadhaa, lakini tuliona vya kutosha. Wekundu ni mwanga wa jua uliopenya kwenye hewa ya Dunia na kupindishwa.

Kijana hakuamini kwamba mwezi nao ni setilaiti. Ni setilaiti ya asili: chochote kinachozunguka sayari ni setilaiti yake. Sisi tunao mmoja. Zohali, iliyokuwa chini yake upande wa mashariki, ina miezi 274 inayojulikana.

Jumatano, 17 Septemba. Karatina

Mvua, hakuna kupanda paa. Nimemwandikia kijana hesabu hizi:

Kituo cha Anga cha Kimataifa: kilomita 400 hivi juu, mzunguko mmoja kwa dakika 90 hivi.
Setilaiti ya televisheni: kilomita 35,786, saa 23 na dakika 56.
Mwezi: kilomita 384,400, siku 27.3.

Kadiri kitu kilivyo mbali ndivyo kinavyochelewa kumaliza mzunguko. Setilaiti ya televisheni huzunguka sawasawa na Dunia inavyojizungusha, ndiyo maana dishi likishafungwa halihitaji kuifuata.

Jumatatu, 22 Septemba. Nanyuki

Leo usiku na mchana ni sawa. Mnamo saa sita na dakika 25 mchana, penye ikweta, nguzo iliyosimama wima haikuwa na kivuli cha kuonekana.

Kijana akauliza ikweta inatufaa nini zaidi ya picha za watalii. Nimemwambia hivi: hapa ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa kilomita 1,670 hivi kwa saa, kasi kuliko penginepo duniani, na roketi inayorushwa upande huo hupewa msukumo wa bure. Ndiyo maana Waitaliano walijenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, iliruka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru.

Setilaiti ya mwisho kurushwa Malindi iliondoka mwaka 1988. Taifa-1 yetu, ya mwaka 2023, ilibidi irushwe kutoka California. Nchi iliyokaa juu ya ikweta haikupaswa kwenda kuomba njia ya angani mbali hivyo.